Kola za Mtu Mwingine

Sauti ya kwanza ambayo Saran Keita aliiharibu tangu aanze kujifunza ufundi mitambo ilikuwa ya Mama Tenin, na laiti dunia ingekuwa na huruma, Mama Tenin ndiye angekuja kuwa mama mkwe wake.

Siku hiyo Saran alikuwa bado mgeni wa meza ya kuchanganyia sauti. Karamoko Zan, mwenye studio na mwalimu wake, alitoka uani kupokea simu akamwachia mitambo kwa agizo moja tu, kwamba aziangalie taa na zikianza kuwa nyekundu ashushe. Upande wa pili wa kioo Mama Tenin alikuwa anaimba wimbo wa harusi ya watu, macho kayafumba. Huyu ni jeli mke wa jeli, kwao kuimba na kusifu ni kazi ya kuzaliwa. Alipoyafumbua macho akaona nyuma ya kioo amekaa mtoto wa Keita. Basi damu ikamtuma. Akamwacha bibi harusi wa watu njiani, akaanza kuwataja babu zake Saran mmoja mmoja.

Sasa, Keita aliyelelewa akalelewa, akisifiwa na jeli hakai. Akikaa amemtukana aliyemsifu na amejitukana yeye mwenyewe. Saran akasimama. Akaisahau meza, akazisahau taa, akafungua mlango wa chumba cha waimbaji, akavua bangili aliyoachiwa na bibi yake na kuiweka kiganjani mwa mama yule. Mama Tenin kwa furaha akapandisha sauti mpaka kwenye dari. Huku nyuma taa zote zikawaka nyekundu, na hapakuwa na mkono wa kuzishusha.

Karamoko aliporudi alisikiliza kilichorekodiwa: sauti imepasuka, mlango umelia, viatu vya Saran vinapita, kisha bangili inagonga pete. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Karamoko ni Coulibaly, na Coulibaly na Keita ni watani, kwa hiyo alisema kina Keita ni watu wa kusifiwa tu, kazi haiwafai. Saran akamjibu kwamba mla maharage, kama kina Coulibaly wanavyotaniwa, hana haki ya kumcheka mtu. Walipomaliza kutukanana kama inavyopasa, mzee akazichukua hedifoni na kumvisha mwenyewe masikioni.

"Ukivaa hizi huna ukoo," alimwambia. "Wewe si Keita, mimi si Coulibaly, na yule si jeli. Wewe ni masikio mawili na mkono. Ukitaka kusimama, simama kazi ikiisha."

Kwenye kona alikuwa amekaa kijana na ngoni yake, kile chombo cha nyuzi cha kina jeli, mapajani, na yeye hakucheka. Huyo ni Dramane Kouyaté, mwana wa Mama Tenin. Alikuwa amewaona watu wengi wakimtuza mama yake, wengine wakitoa huku wakigeuka kuangalia nani anawaona. Huyu binti alikuwa ametoa bila kugeuka, na kazi yake ameisahau. Dramane alimtazama Saran namna hiyo, na Saran akaona anatazamwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Karamoko alifundisha kwa kugombeza, Dramane kwa kuonyesha. Alikuwa amekulia kati ya nyaya za studio ile, na yote aliyoyajua alimpa Saran bila choyo. Alimwonyesha kwamba kabla ya kumrekodi mtu unakirekodi chumba kwa masikio: unapiga kofi moja, unasikiliza sauti inakwenda wapi na inarudi imechoka kiasi gani. Alimwonyesha pa kuiweka maiki mbele ya ngoni, si juu ya ngozi inakobwabwaja, bali kwa upande kidogo, pale vidole vinapochuna. Alimwambia, ukipima nguvu ya sauti inayoingia, mwombe mtu apige kwa nguvu zake zote, kisha uache nafasi juu, maana wakati wa kupima watu hupiga kwa haya, na wakati wa kurekodi hupiga kwa moyo.

Alimwonyesha pia kitufe kidogo kilicho juu ya kila kitelezi, ile swichi ya kusukuma juu na chini kwa kidole. Ukikibonyeza kitufe hicho, unamsikia mwenye maiki wewe peke yako ndani ya hedifoni, hata kama kitelezi kiko chini kabisa na watu wote hawasikii kitu. Kisikie kwanza, alisema, ndipo uwape watu.

Na kukunja kebo. Wanaume wengi pale walizungusha kebo kwenye kiwiko kama kamba ya kisimani, na baada ya miezi nyaya za ndani zikakatika. Dramane alikunja duara moja kwa juu, jingine kwa chini, kebo ikalala bila kujisokota. Saran alikosea mara nyingi, na nyingine, tuseme ukweli, alikosea kwa makusudi, kwa sababu Dramane ilibidi aishike mikono yake ili amrekebishe.

Alasiri moja Karamoko alikuwa ameenda msikitini. Saran aliweka maiki mbili kwenye ngoni, moja mbele na moja nyuma, akijua atapata sauti nene mara mbili. Kila moja peke yake ilikuwa nzuri. Alipozifungua zote pamoja, uzito wa ngoni ukapotea, ikabaki sauti ya kwenye kopo. Alikagua kebo, akazibadilisha, akarudia, machozi yakaanza kumlenga.

"Kebo ni nzima," Dramane alisema kutoka upande wa pili. "Zinasikia kitu kimoja kutoka pande mbili. Hii ikisukuma, ile inavuta, basi zinauana. Kuna kitufe cha kuigeuza moja, kitafute."

Alikitafuta akakibonyeza, na ngoni ikarudi nzima, nene, ya karibu, kama vile Dramane yuko begani mwake. Saran alibaki amekaa na kulia kidogo, ujinga mtupu, kulilia ngoni. Dramane akaacha kupiga. Akamtazama kwenye kioo, akaisogeza maiki ya mbele mpaka mdomoni.

"Saran," alisema. "Nikilisema hili uso kwa uso nitalikosea. Acha nilisemee hapa. Nakupenda. Najua wewe ni nani na mimi ni nani, na bado nakupenda."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyomfikia Saran Keita, kupitia hedifoni, yenye pumzi zake zote, karibu kuliko mdomo wa mtu unavyoweza kusogea. Mkono wake ulikitafuta kitufe cha kumsemesha mtu aliye chumba cha pili, akakibonyeza, na alichojibu ni neno moja.

"Nami."

Kati ya kina Keita na kina Kouyaté kuna kiapo cha mababu. Kouyaté ndiye mdomo wa Keita. Keita hatamdhulumu Kouyaté, Kouyaté hatamsaliti Keita, na hawa wawili hawaoani. Watu wanaweza kucheka kwamba hayo ni ya kale, mpaka siku mtoto wao anapoleta jina la Kouyaté sebuleni. Mzee Fode Keita, baba yake Saran, hata ufundi wenyewe alikuwa ameukataa mwanzoni, akisema binti yake hawezi kula kwa jasho la nyimbo. Karamoko Zan ndiye aliyemlainisha. Alimwambia: Keita, simfundishi kuimba, namfundisha kunyamaza wengine wakiimba. Mzee alicheka, akakubali. Lakini huko ni kumkubalia maiki, hakumkubalia mume.

Hata hivyo walipatana. Dramane angemweleza baba yake, Jeli Mamby, naye Jeli Mamby angemwendea Mzee Fode, kwa sababu kama kuna mtu duniani wa kumwambia Keita neno gumu akasikilizwa, ni jeli wa nyumba yake. Tatizo ni kwamba Jeli Mamby alikuwa amepasuliwa koo. Mtu ambaye sauti yake ilijaza viwanja sasa alitembea na skafu shingoni, na kutoka kinywani mwake hakikutoka hata kikohozi cha maana. Dramane alisema haidhuru, mzee atakwenda naye, mzee atakaa na yeye atasema. Kisha akaacha kupokea simu.

Saran alijipa moyo. Alisema ni haya, mwanamume anayepeleka posa hapigipigi simu kwa binti wa watu. Na baba yake alikuwa na uso wa mtu aliyeficha zawadi. Walipokuwa wakila ugali wa fonio, nafaka ndogo ya kwao, jioni ya Ijumaa, mzee alimwambia kwamba Jumapili asubuhi watakuja wageni wa heri. Baba yake mkubwa aliyeko Kita, ambaye miguu haimbebi tena, angesikiliza kwa simu, kwa hiyo fundi wa nyumba atafute maiki na spika ili neno lisipotee.

"Wageni gani, Baba?"

"Wa heri, nimesema. Wewe funga nyaya zako."

Saran aliondoka pale na sinia mkononi, na akaiosha mara mbili.

Karamoko Zan alimwazima meza ndogo, spika mbili na maiki. Jumapili kabla jua halijawa kali Saran alishaupiga ua makofi na kuusikiliza, akajua ukuta wa upande wa jikoni unarudisha sauti, akaigeuza spika isiutazame. Aliiweka maiki mbali na uso wa spika ili isije ikaanza kupiga mluzi mbele ya wazee. Aliweka simu ya baba yake juu ya kigoda, karibu na spika, baba mkubwa akiwa hewani anakohoa. Yeye mwenyewe alikaa barazani nyuma ya meza, hedifoni shingoni, amevaa gauni la bazini, kitambaa kinachong'aa cha sherehe, ambalo shangazi yake Assa alimshonea akimwambia tu kwamba ataliona faida yake.

Kisha lango likafunguliwa akaingia Dramane.

Alikuwa amevaa boubou, kanzu pana, nyeupe, mpya, na mikononi amebeba kikapu kidogo kilichofunikwa majani mabichi. Kola, zile kokwa za kuposea, hufunikwa hivyo zisikauke. Alisimama kizingitini kuvua viatu, na kwa muda ule wa kuvua viatu Saran Keita alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mjini Bamako. Alisema moyoni: amethubutu. Amekuja na kola zetu.

Kiatu cha pili kilipovuliwa ndipo akakumbuka. Jambo ambalo kila mtoto analijua alikuwa amelisahau, mapenzi yamemtoa akili. Hakuna mwanamume anayebeba kola zake mwenyewe.

Nyuma ya Dramane waliingia wajomba wawili wa Seydou Cissé, mfanyabiashara wa vitambaa pale sokoni, mtu mwema, mtu anayesalimia mpaka watoto, mtu ambaye hata ukitafuta la kumchukia hulipati. Kina Cissé walikuwa na busara. Badala ya kumtuma jeli wao, walikuwa wamemtafuta jeli wa nyumba ya Keita, yule asiyefungiwa mlango. Wa mwisho kuingia alikuwa Jeli Mamby mwenyewe, skafu shingoni. Alikaa chini kwenye ukuta wa jikoni, mahali pa mtu aliyekuja kusindikiza.

Salamu zilipigwa, ndefu, za watu na mifugo na watu wa Kita. Maji yaliletwa. Saran aliyaona yote hayo yakipita mbele yake, mikono imelala juu ya meza kama ya mtu mwingine. Baba yake akampungia kidole: maiki.

Akainuka akampelekea Dramane maiki. Hawakutazamana. Vidole vyao viligusana kwenye kebo, na mkono wa Dramane ulikuwa wa baridi wakati jua limeshapanda. Saran alirudi, akavaa hedifoni, akabonyeza kile kitufe kidogo kilicho juu ya kitelezi. Alifanya hivyo kwa mazoea, kisikie kwanza ndipo uwape watu. Kitelezi kilikuwa bado chini kabisa.

Pumzi ya Dramane ikamjaa masikioni. Alikuwa ameinamisha kichwa, maiki kwenye midomo, na wazee wakanyamaza kwa adabu wakidhani anaomba dua kabla ya neno.

"Saran," sauti ilisema ndani ya kichwa chake, chini sana. "Usiinue uso. Najua umeshanifungua upande wako. Kola hizi ni za Seydou Cissé. Nilimwambia baba, nilimwambia yote, mpaka siku ya maiki mbili. Hana sauti ya kunijibu, unajua. Alivua kofia yake akaiweka chini, miguuni pangu. Baba yangu, Saran. Kofia yake. Baada ya hapo ningesema nini?"

Saran aliangalia vidole vyake.

"Sasa mimi niko mkononi mwako. Usipofungua, sitasema. Nitaziweka chini hizi kola za watu, nitoke, na litakalokuwa liwe. Ukifungua, nitasema kama jeli. Sijui kusema nusu nusu."

Maiki ikabaki mdomoni mwake. Saran alimsikia anameza mate. Alitaka kumwambia kitu, neno lolote, nisubiri, toka, usinifanyie hivi, kwa nini mzigo huu unipe mimi. Mkono ulienda wenyewe kutafuta kitufe cha kumsemesha mtu wa chumba cha pili. Lakini hii ilikuwa meza ndogo ya kuazima, ya harusini na mikutanoni. Kitufe hicho haikuwa nacho. Dramane aliweza kumwambia yote, na yeye hakuweza kumrudishia hata pumzi.

Akainua uso, na aliyemwona si Dramane. Alimwona Jeli Mamby pale ukutani. Midomo ya mzee ilikuwa inacheza bila sauti, anayatamka maneno ya posa kabla mwanawe hajayatamka, kama mtu anayemsukuma mtoto apande ngazi. Alikuwa ameyasema maneno hayo hayo zamani, alipokwenda kumposea Mzee Fode mama yake Saran. Sasa koo lake la kusemea lilikuwa limebaki moja tu duniani, na limeshika maiki.

"Fundi, vipi?" Mzee Fode aliuliza akitabasamu, anajivuna mbele ya wageni. "Mashine imegoma?"

"Hapana, Baba," Saran alisema. "Iko tayari."

Akakisukuma kitelezi juu.

Dramane alisema kama alivyoahidi, hakusema nusu. Sauti yake ilitoka kwenye spika, nzima na tulivu, na wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa kabla hajafika mbali. Aliwaambia kina Keita kwamba kina Cissé hawakuja na nguvu wala mali, wamekuja na mdomo wake tu, na mdomo huo ni wa kina Keita wenyewe tangu mababu, kwa hiyo ni kama Keita anajiomba mwenyewe. Baba mkubwa alisikika kwenye simu huko Kita akisema naam, naam. Kila alipovuta pumzi, watu walisikia msemaji hodari anajipanga. Saran peke yake, kwenye hedifoni, alisikia pumzi inaingia vipande vipande. Alikaza macho kwenye taa. Neno moja lilipoanza kumpasukia Dramane kooni, Saran aliliwahi kwa kidole, akashusha kidogo, akapandisha, na watu hawakugundua. Alikuwa anampamba ili yeye mwenyewe Saran aposwe vizuri na mtu mwingine. Hakujua afanye nini zaidi ya hapo, kwa sababu kufanya vibaya kungemuumbua Dramane, si Cissé.

Kikapu kikawekwa chini. Mzee Fode alimwita dada yake kando, akamnong'oneza. Shangazi Assa akaja barazani, akavuta kigoda, akakaa karibu na Saran mgongo ukiwaelekea wageni. Saran alishusha kitelezi na kusogeza hedifoni sikio moja.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu. Desturi ni nikuulize, nami nakuuliza."

"Sitaki, Shangazi."

Shangazi hakushtuka. Alimtengeneza Saran kilemba, akakivuta kidogo mbele.

"Seydou ana ubaya gani?"

"Hana."

"Basi najua. Nina macho, Saran, nilikuona ulivyompelekea ile maiki." Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Hilo 'sitaki' lako naweza kulibeba hadi kwa kaka yangu. Sitalidondosha. Lakini ataniuliza kwa nini, na mimi sijawahi kumdanganya. Nikishamjibu, yule kijana hatatoka na viatu humu. Na yule mzee wa watu pale ukutani, nyumba ya nani tena itamfungulia? Jeli aliyeleta kola za mtu huku anamtaka binti mwenyewe. Niambie sasa, nilibebe?"

Uani watu walikuwa wakizungumzia bei ya mtama. Saran alimtazama Jeli Mamby, ambaye alikuwa ameichukua kofia yake magotini na anaigeuza geuza kwa vidole. Alitafuta neno. Angetaka liwepo neno moja ambalo likisemwa halimuui mtu. Machozi yalimtoka bila sauti, na shangazi yake akayapangusa haraka kwa ncha ya kanga yake kabla mtu hajaona.

Saran hakusema kitu.

Mahali pote binti akinyamaza amekubali. Shangazi Assa alisubiri, akasubiri zaidi ya ilivyo lazima, na Saran alimshukuru kwa hilo hadi kesho. Kisha akainuka akarudi kwa kaka yake, akaitikia kwa kichwa mara moja.

Kola zikapasuliwa, zikagawanywa, kila mtu kipande ili awe shahidi. Kipande kimoja kilikuwa haki ya jeli. Dramane alikipokea kwa mikono miwili, maiki kaibana chini ya kidevu, akakitia mdomoni. Kitufe kidogo kilikuwa bado kimebonyezwa. Saran alikisikia kipande kile kikivunjika kati ya meno ya Dramane, kisha akamsikia anatafuna pole pole, kola chungu, ndoa yake yeye Saran, mpaka akameza.

Hapo likabaki jambo la mwisho. Neno la kola halifungwi bila sifa. Mzee Fode akaomba mwenyewe, akiwa na raha zake: Kouyaté, tukumbushe sisi ni nani. Saran akafungua kitelezi.

Dramane aliwasifu kina Keita. Alianzia mbali, kwa wale ambao majina yao hutajwa watu wakiwa wamesimama, akashuka kizazi kwa kizazi, akaja kwa babu, akaja kwa Mzee Fode, ambaye aliinuka kifua mbele na kumtuza. Sauti ya Dramane sasa ilikuwa imepata njia, haitetemeki, na Jeli Mamby pale ukutani alikuwa ameacha kuchezesha midomo, anasikiliza tu, machozi yanaingia kwenye skafu. Halafu Dramane akageukia barazani. Akamtaja Saran binti Fode, binti wa wapanda farasi, mkono unaotoa bila kugeuka kuangalia nani anaona.

Ua mzima uligeuka kumtazama. Shangazi Assa alikuwa ameshaandaa kitambaa kizuri cha kutuza, akakisukuma juu ya meza, pembeni ya mkono wake. Ilikuwa zamu ya Saran kusimama.

Magoti yake yalijua la kufanya, yamelijua tangu utotoni. Akisimama, akivuka ua, akiweka kitambaa kiganjani mwa Dramane, basi yeye ni Keita na yule ni jeli wake, na mambo yote mengine yalikuwa mchezo wa watoto nyuma ya kioo. Watu wote walikuwa wanangojea hilo bila kujua wanangojea nini. Kila kitu kingine asubuhi ile kilikuwa kimetoka mkononi mwake.

Saran akazishika hedifoni kwa mkono mmoja, akazikandamiza masikioni. Mkono mwingine ukabaki kwenye kitelezi. Akaziangalia taa. Zilikuwa za kijani, zote.

Hakusimama.

Minong'ono ilianza kwa wanawake wa jikoni. Dramane alirudia jina lake mara ya pili, kama inavyofanywa kwa mtu asiyesikia, na mara ya pili Saran alibaki amekaa. Mzee Fode ndiye aliyelimaliza. Alicheka, akaja mwenyewe akachukua kitambaa mezani na kumtuza jeli kwa niaba ya binti yake, akiwaambia wageni wamsamehe, fundi akiwa kazini hana masikio ya sifa, Karamoko wake ndivyo alivyomfundisha. Kina Cissé wakacheka pia, wakasema binti mwenye nidhamu ya kazi ni baraka. Vigelegele vikapanda, baba mkubwa akakata simu kule Kita, mambo yakawa yamekwisha.

Saran akakishusha kitelezi mpaka chini. Spika zikafa. Alijua angepaswa kuzivua hedifoni, hapakuwa tena na kazi, lakini hakuzivua. Dramane alikuwa ameinama anaagana na wazee, kebo inamfuata kwenye vumbi. Alisogea barazani kuirudisha maiki, akaikunja kebo akitembea, duara moja kwa juu, jingine kwa chini. Alipofika mezani alikuwa bado ameishika maiki mdomoni.

"Hukusimama," alisema.

Saran alizigusa hedifoni masikioni, akatikisa kichwa: hapana.

Dramane akaiweka maiki mezani, taratibu sana, ili isimgonge masikioni. Kisha Saran akasikia nyayo zake zinapungua, na kimya kidogo kizingitini, cha mtu anayevaa viatu.